Uzi wa Nyanda za Juu Kusini: Tuache kuuliza "mbegu hii inashambuliwa na vidukari?" Tuulize wanazaliana kwa kasi gani juu yake

#1 Mnyalu wa Ifunda (Iringa)

Kamwene wakuu, na wa Mbeya ugonile.

Humu nyuzi za vidukari (wengine mnawaita wadudu mafuta) ziko nyingi, na karibu zote zinaishia kwenye "piga dawa gani". Leo naomba turudi nyuma kidogo, kwenye mbegu. Kila msimu utasikia mtu anauliza: aina hii ya maharage inashambuliwa na vidukari au haishambuliwi? Anajibiwa haishambuliwi. Ananunua, anapanda mwezi wa tatu, mvua ikikata wiki mbili anawakuta weusi wamejaa kwenye vikonyo na maua, basi anaanza kumtukana aliyemuuzia.

Mimi naona swali lenyewe ndilo baya. Mbegu ambayo kidukari hagusi kabisa ni adimu mno. Kilichopo ni mbegu ambayo juu yake wanaongezeka haraka na mbegu ambayo juu yake wanaongezeka taratibu. Tofauti hiyo kwa macho, siku za mwanzo, huioni. Baada ya wiki tatu ndiyo inaamua kama kuna mavuno au hakuna.

Mjue kwanza mdudu tunayeshughulika naye. Huku kwetu kidukari jike anazaa bila dume, mwaka mzima. Hatagi, anazaa watoto hai, na kila mtoto anazaliwa na viinitete vya watoto wake tayari tumboni. Yaani bibi, mama na mjukuu wako kwenye mwili mmoja. Mtoto anajivua ngozi mara nne ndipo anakomaa, na hali ya hewa ikiwa vuguvugu kazi hiyo yote inamalizika ndani ya wiki moja hivi. Akikomaa tu, anaanza kuzaa.

Sasa tupige hesabu. Namba hizi ni za mfano, mtu asije akazinukuu kwamba ni za utafiti. Tuseme kwenye mbegu dhaifu kidukari anakomaa kwa siku 7 na anazaa watoto 5 kwa siku. Kuna kanuni ya Wyatt na White ya mwaka 1977 ambayo wataalamu wa vidukari wanaitumia mpaka leo: chukua idadi ya watoto anaowazaa katika muda sawa na ule aliotumia kukomaa (hapa siku 7 mara 5, watoto 35), tafuta logi asilia yake (kitufe cha ln kwenye kikokotoo), zidisha kwa 0.738, gawanya kwa siku za kukomaa. Unapata kasi ya ongezeko kwa siku. Kwa mfano wetu ni kama 0.375. Maana yake wanaongezeka maradufu kila baada ya siku mbili kasoro. Wakitua 5 kwenye shina, bila mvua wala wa kuwala, baada ya wiki 3 ni karibu 13,000.

Chukua mbegu nyingine ambayo haijapunguza uzazi wake hata kidogo, ila imemchelewesha kukomaa kwa siku 2 tu. Siku 9 badala ya 7. Wale 5 wanakuwa kama 3,500.

Hapo ndipo mimi nilipokaa chini. Kwa sababu ukitaka kufika kwenye hiyo 3,500 kwa njia ya kupunguza uzazi, siku za kukomaa zikibaki 7, inabidi ukate watoto kutoka 5 kwa siku hadi 2.75. Karibu nusu! Kuchelewa siku mbili kuna uzito sawa na kukatwa uzazi karibu nusu. Mnaocheza VICOBA mnajua riba juu ya riba inavyokwenda: anayeanza kuzaa mapema, watoto wake nao wanaanza mapema, na wajukuu vilevile.

Na mbegu ikifanya yote mawili kwa pamoja, siku 9 na watoto 2.75, wale 5 wanaishia kama 1,250. Kutoka 13,000. Na hakuna hata kidukari mmoja aliyeuawa na mmea.

Karibuni tujadili. Wenye maharage, viazi, ngano, kabichi, wote njooni.

#2 Mzee wa Lumbesa (Njombe)

Nimekaa siti ya mbele. Hesabu sijaelewa zote ila 13,000 nimeiona kwenye kabichi zangu, hiyo sihitaji kanuni.

#3 Pampu Begani (Mwanjelwa)

Mkuu, uzi mzuri, lakini tusidanganyane. Mimi nauza pembejeo, nakutana na mkulima akiwa tayari analia. Hata hao 1,250 kwenye shina moja la harage si mchezo, wale ni wengi kuliko majani. Mwisho wa siku bado atakuja dukani. Sasa mbegu imemsaidia nini?

#4 Mnyalu wa Ifunda

Kaka Pampu, swali zuri na nililitegea. Hesabu yangu ya juu niliifanya bila maadui wa kidukari, na shamba la hivyo halipo mpaka mtu alitengeneze kwa dawa.

Weka wale mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi, na watoto wao wanaofanana na mamba wadogo weusi, ambao kwa kweli ndio walafi kuliko wazazi. Weka na vinyigu vinavyotaga ndani ya kidukari mpaka anavimba, anakauka, anabaki ganda la rangi ya kahawia. Tuseme kwa pamoja wanaondoa robo ya vidukari kila siku. Kwenye mbegu dhaifu, vidukari 100 baada ya wiki ni kama 184, kwa sababu wanazaliana haraka kuliko wanavyoliwa. Kwenye ile ya siku 9 na watoto 2.75, vidukari 100 baada ya wiki ni kama 84. Wanapungua.

Mbawakawa ni walewale, idadi ileile, hamu ileile ya kula. Upande mmoja wameshindwa, upande mwingine wameshinda. Ndiyo maana nasema mbegu isipimwe peke yake kwenye kibanda cha majaribio kisha ikatupwa kwa kuwa "bado vidukari wapo". Helmut van Emden wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, aliusema huu muungano wa ukinzani wa wastani (mbegu kumpunguzia kidukari kasi bila kummaliza) na maadui wa asili tangu miaka ya 1960, na mimi naona bado hatujauchukulia kwa uzito.

Na hata ukipiga dawa, biashara yako haijafa. Tuseme dawa imeua vidukari 9 kati ya 10, ikamaliza na mbawakawa wote. Kwenye mbegu dhaifu, hao waliobaki wanarudi idadi ya zamani ndani ya siku 6. Kwenye kinzani, karibu 9. Kwa mkulima hiyo ni tofauti ya kupuliza mara nyingi na kupuliza mara chache.

#5 Pampu Begani

Sawa, hilo la kurudi nimelielewa, nimeliona. Mtu anapiga ile jamii ya pairethroidi Jumatatu, Jumapili anakuja kusema dawa feki. Namuuliza mbawakawa umewaona? Anasema wote wamekufa, anafurahi kabisa.

Ila ongeza na hili: kidukari wa kijani wa viazi na tumbaku, *Myzus persicae*, ni kati ya wadudu sugu kuliko wote duniani kwa dawa. Kuna viuatilifu zaidi ya 70 ambavyo mahali fulani duniani amethibitika kuvizoea. Kwa hiyo hata sisi wa madukani tunaishiwa.

#6 Mama Kiazi (Uporoto)

Wanangu, mnaongea maharage tu. Mimi ni viazi mviringo. Vidukari kwenye viazi vyangu ni wachache, siwaoni kama hao weusi wa maharage, lakini msimu wa tatu kwa mbegu ileile majani yanajikunja kwenda juu kama kijiko, viazi vinakuwa vidogo kama goroli. Bwana shamba akaniambia ni virusi, vimeletwa na vidukari. Sasa kama ni wachache, hiyo kasi yenu ya kuzaliana inanihusu nini mimi?

#7 Kijana wa Bonde la Uyole

Shikamoo mama. Swali lako ndilo linatenganisha watu hapa, ngoja nilijibu kwa kirefu kidogo. Mnyalu atanisamehe, kuna sehemu naupunguza utamu wa hesabu zake.

Mwaka 1951 Mmarekani mmoja, Reginald Painter, aligawa ukinzani wa mimea kwa wadudu katika njia tatu, na mgawanyo huo bado unatumika. Ya kwanza, mmea haumpendezi mdudu: anatua, anaonja, anaondoka. Ya pili, mdudu anabaki lakini mwili wake unapata shida: anachelewa kukomaa, anakuwa mdogo, anazaa wachache, anakufa mapema. Hesabu zote za Mnyalu ziko hapa. Ya tatu ni ustahimilivu: vidukari wanajaa kama kawaida, ila mmea unavumilia na kutoa mavuno.

Kwa mtu anayeogopa kunyonywa utomvu tu, zote tatu zinafaa. Kwa mtu wa viazi mambo ni tofauti, kwa sababu virusi havisafiri kwa njia moja.

Majani ya mama yanayojikunja kwenda juu yanafanana na virusi vya kukunja majani. Hivi vinakaa kwenye mirija ya utomvu. Kidukari lazima atulie, achomeke mrija wake mpaka ndani, anyonye kwa muda mrefu ndipo avichukue. Kisha vinapita tumboni, vinaingia kwenye damu yake, vinafika kwenye mate, na tangu hapo anavisambaza mpaka afe. Kwa virusi vya namna hii mbegu inayomnyima utulivu kidukari, au inayopunguza wanaozaliwa na kukulia humo shambani, inasaidia kweli. Wakizaliana polepole, wanaopata nafasi ya kunyonya na kuhama kwenda shina la jirani wanapungua.

Lakini kuna virusi Y vya viazi, na kwenye maharage kuna batobato. Hivi vinabebwa kwenye ncha ya mdomo. Kidukari anaonja jani kwa sekunde chache, ameshavichukua. Anaruka, anaonja jingine, ameshaviacha. Hana haja ya kuzaa hata mtoto mmoja shambani kwako. Tena mara nyingi wanaovileta ni wapita njia wenye mabawa ambao hata hawaishi kwenye viazi. Sasa fikirini: ukiwapa mbegu isiyowapendeza, wanayoonja na kuikataa, wanafanya nini? Wanaonja shina hili, wanaruka, wanaonja lile. Mbegu inayokataliwa na vidukari inaweza kueneza virusi vya aina hii kuliko ile wanayoipenda na kutulia.

Kwa hiyo mama, usiridhike kuambiwa "kinzani kwa vidukari". Uliza kama ni kinzani kwa virusi vyenyewe. Ni vitu viwili.

#8 Mama Kiazi

Marahaba mwanangu, ndaga fijo. Hapo nimekupata. Sasa nauliza jingine: zamani tulikuwa tunaambiwa mbegu ya viazi itoke juu kabisa, kule kwenye baridi. Ni kwa ajili hiyo?

#9 Makete Juu

Mama, ndiyo hiyo. Kidukari damu yake inafuata joto la nje. Joto likishuka kwenye nyuzi 4 au 5 za sentigredi anasimama kukua kabisa, na hapo juu kidogo anakwenda kwa kujivuta. Kule Kitulo na milima ya Makete mwezi wa sita na wa saba usiku ni barafu kwenye majani. Zile siku 7 za Mnyalu huku kwetu zinarefuka zenyewe, bila mbegu kinzani. Vidukari wachache, virusi wachache, mbegu safi. Ila mbegu hiyo ukiishusha ukairudia rudia miaka, unakuwa umeanza kujaza virusi tena.

Na kwenye mwinuko mkubwa mbegu ya ukinzani mdogo tu inaweza kutosha, maana baridi inasaidia. Ishushe mbegu hiyohiyo Usangu kwenye joto uone.

#10 Nyanya Ilula

Kwenye nyanya lipo jambo ambalo wengi tunalo bila kujua. Zile aina zilizoandikwa kinzani kwa minyoo fundo (ile ya udongoni inayovimbisha mizizi), nyingi zina jeni, yaani chembe ya urithi, inayoitwa Mi, ilitolewa kwenye nyanya pori ya Peru. Jeni hiyohiyo inawapa shida vidukari wa viazi wanaopanda kwenye nyanya, wale wakubwa wenye miguu mirefu. Ila si vidukari wote, yule wa kijani wa Pampu hapo juu hajali. Na udongo ukipita nyuzi 28, ukinzani wa minyoo unalegea. Kwa hiyo na ukinzani nao una masharti yake, si muhuri wa milele.

#11 Kaka wa Mbozi

Mmeongea viazi, nyanya, mkaacha harage njiani. Mimi swali moja tu: kituo cha utafiti cha Uyole wametoa aina nyingi, Uyole 03, Uyole 96, Njano Uyole, Calima, Wanja. Ipi ya vidukari? Nitajieni moja nikanunue.

#12 Kijana wa Bonde la Uyole

Kaka, aina hizo zilichaguliwa kwa mavuno, kwa soko (rangi, kuiva haraka, ladha) na kwa magonjwa yanayotusumbua huku kama chule, madoa pembe na kutu. Ukiona mfuko umeandikwa "kinzani kwa magonjwa", soma ni magonjwa gani. Usilifanye neno hilo liwahusu wadudu. Kuna watu wananunua Wanja kwa sababu inawahi kukomaa, na hilo lenyewe linasaidia kidogo kwa vidukari: mmea unaomaliza mapema unawapa vizazi vichache vya kuzaana juu yake. Lakini huo si ukinzani, ni kukwepa.

Na kwa batobato kuna mtego wa pekee. Maharage mengi duniani yamewekewa jeni moja, I, inayozuia virusi vya batobato ya kawaida. Afrika tuna na aina nyingine ya virusi, ile inayoua tishu, na ikiingia kwenye harage lenye jeni I bila jeni nyingine za kuisaidia, mmea haupati batobato, unakufa kabisa, mizizi na mishipa inakuwa myeusi. Watafiti wa mbegu wanajua, ndiyo maana wanaunganisha jeni kadhaa. Mkulima akiona shina limekauka jeusi anadhani ni mnyauko wa udongo.

#13 Kaka wa Mbozi

Kwa hiyo hamna jina mnalonipa. Sawa.

#14 Mnyalu wa Ifunda

Jina utalipata shambani kwako mwenyewe, Kaka, nitakueleza chini huko namna ya kupima. Usikasirike.

Ila kwanza nieleze mmea unamcheleweshaje kidukari, maana kuna mtu kaniuliza kwa pembeni kama ni sumu. Wakati mwingine ni sumu kweli: mahindi na ngano zina kemikali inayofupishwa DIMBOA inayowaudhi. Lakini mara nyingi ni ugumu wa kupata chakula. Kidukari anapenyeza mrija mwembamba kati ya seli mpaka kwenye mishipa ya utomvu. Jamii ya kunde ina protini maalumu ndani ya mishipa hiyo, mrija ukitoboka zinavimba na kuziba tundu. Kidukari anatema mate ya kuzizuia. Kwenye mbegu moja anashinda mapema, anaanza kunyonya. Kwenye nyingine anahangaika muda mrefu, anapata kidogo, anakua mdogo. Mama mdogo anazaa wachache.

Kisha kuna nywele. Jani la harage lina vinywele vilivyopinda kama ndoana, na vinawanasa vidukari wachanga miguuni mpaka wanakufa hapo. Hili lilishaandikwa tangu 1953. Kuna kiazi pori cha Amerika Kusini, *Solanum berthaultii*, ambacho nywele zake zinatoa ile harufu ambayo vidukari wenyewe huitoa wakishambuliwa kuonya wenzao. Wanafika, wanasikia mlio wa hatari, wanakimbia. Gibson na Pickett walilionyesha hilo mwaka 1983.

#15 Mzee wa Lumbesa

Hizo ndoana za maharage ndizo zile wazungu wa Balkani walikuwa wanatandaza majani sakafuni usiku kunasa kunguni, asubuhi wanayachoma na kunguni wake. Nilisoma mahali nikacheka peke yangu. Mke wangu alisema nisijaribu.

#16 Pampu Begani

Mzee 😂😂 jaribu tu, dawa ya kunguni nayo ninauza.

#17 Makete Juu

Turudi. Mimi ni mtu wa ngano na nataka kuwaonya kitu. Ninyi mnaongelea mbegu kana kwamba ikishapatikana imepatikana. Kidukari naye anabadilika.

Yupo kidukari wa ngano wanayemwita wa Kirusi. Aliingia Afrika Kusini mwaka 1978, Marekani 1986, na Kenya aliripotiwa 1995. Anakunja jani la ngano likawa kama mrija, anakaa ndani, dawa haimfikii, jani linapata michirizi myeupe. Afrika Kusini wakatoa ngano kinzani ya kwanza, Tugela-DN, mwaka 1992. Marekani, jimbo la Colorado, wakatoa Halt mwaka 1994, yenye jeni moja, Dn4. Wakulima wakashangilia. Mwaka 2003 hukohuko Colorado wakaonekana vidukari walewale kwa sura, wanaokula Halt bila wasiwasi. Afrika Kusini nao mwaka 2005 wakapata kabila jipya. Kumbukeni hawa wanazaa bila dume: mmoja akiweza kuishi kwenye mbegu yako, watoto wake wote wanaweza, hakuna wa kumchanganya damu.

Mimi kwa hiyo naipenda zaidi mbegu ya polepole ya Mnyalu kuliko mbegu inayoua wote. Ukinzani mkali wa jeni moja unawachuja vidukari vikali sana: wote wanakufa isipokuwa yule mmoja mbaya. Ule wa wastani, unaotokana na jeni nyingi ndogondogo, unawaacha hata wa kawaida waishi, huyo mbaya hapati faida kubwa kuliko wenzake.

#18 Kijana wa Bonde la Uyole

Makete umesema kweli, ingawa ningeongeza: ustahimilivu ndio hauwachuji kabisa, kwa sababu haumgusi mdudu. Lakini una ubaya wake ambao haupo kwenye mavuno yako, upo kwa jirani. Shamba stahimilivu linalea vidukari kwa maelfu bila mwenyewe kuumia. Wakibanana, wanaanza kuzaliwa wenye mabawa. Wanaruka wanakwenda kwa mama Kiazi na virusi mdomoni. Wewe umevuna, yeye amepoteza mbegu.

#19 Mama Kiazi

Jirani yangu ana kabichi za hivyo. Nitamtumia huu uzi.

#20 Fundi wa Vinyungu (Kilolo)

Mimi ni mtu wa vinyungu, kiangazi nalima bondeni figili, chainizi na kabichi. Vidukari wa kijivu wenye unga ndio wageni wangu wa kudumu. Nilichokiona: kipande nilichoweka urea ya kutosha, majani mazito ya kijani, ndiko wanakoanzia na ndiko wanakojaa. Kipande cha samadi hawakuwa hivyo. Ni mbegu ileile, mfuko mmoja. Sasa hesabu yenu ya mbegu inaeleza vipi hiyo?

#21 Mnyalu wa Ifunda

Inaeleza, Fundi. Utomvu wa mmea ni sukari nyingi na protini kidogo, ndiyo maana kidukari ananyonya mwingi na kutoa ile mikojo mitamu inayovuta sisimizi na kuotesha ukungu mweusi. Kinachomzuia kukua haraka ni ule upungufu wa naitrojeni. Ukimwaga urea, utomvu unapata naitrojeni zaidi, anakomaa haraka, anazaa zaidi. Siku 9 zinarudi kuwa 8 au 7. Kwa maneno mengine unaweza kununua mbegu ya wastani kwa hela nzuri halafu ukaufuta ukinzani wake kwa mfuko wa mbolea. Sisemi usiweke urea, nasema gawa kwa awamu, usimwage yote kwa mkupuo. Samadi inatoa naitrojeni taratibu.

Kiangazi bondeni kuna jingine: hakuna mvua ya kuwaosha. Mvua ya Februari inaangusha vidukari wengi kuliko tunavyofikiri. Wewe unamwagilia chini kwenye mfereji, jani linabaki kavu.

#22 Fundi wa Vinyungu

Nashukuru mkuu. Kumbe ndiyo maana zile kabichi nyekundu za hoteli wananisumbua kidogo kuliko za kawaida, au ni macho yangu?

#23 Kijana wa Bonde la Uyole

Si macho yako. Kabichi nyekundu zinavutia vidukari wachache kuliko za kijani, wanapotua wanafuata rangi kabla ya harufu na ladha. Ndiyo maana mitego ya kuwanasa ni ya njano. Lakini walioshatua kwenye nyekundu wanaweza kuzaana vizuri tu, kwa hiyo usiache kukagua.

#24 Kaka wa Mbozi

Mnyalu uliahidi namna ya kupima. Nasubiri hapa tangu jana.

#25 Mnyalu wa Ifunda

Samahani kaka, umeme ulikatika huku.

Panda aina mbili au tatu za maharage kwa mistari inayopishana, siyo aina moja upande huu na nyingine upande ule, maana vidukari wanaanzia pembeni upepo unakotoka, na upande mmoja utaonewa bure. Mbolea iwe sawa kote. Chagua mashina 10 kwa kila aina bila kuchagua yaliyo mabaya, yafunge uzi ili uyarudie hayohayo. Hesabu vidukari wote kwenye kila shina, wakubwa na wadogo, kuanzia siku unapoona wa kwanza. Rudi baada ya siku 7, hesabu tena. Ukiona wamezidi mamia, hesabu jani moja la juu, moja la kati, na kikonyo cha ua, ila fanya hivyo kwa aina zote.

Kisha usiangalie ni aina ipi ina vidukari wengi. Angalia wameongezeka mara ngapi. Aina iliyoanza na 20 ikafika 100 imeongezeka mara 5. Aina iliyoanza na 4 ikafika 60 imeongezeka mara 15, na hiyo ndiyo hatari hata kama leo ina wachache. Hesabu pia na mbawakawa na yale maganda ya kahawia yaliyovimba, uandike pembeni. Na usipige dawa kwenye mistari hiyo, ukipiga umeshaharibu kipimo.

#26 Kaka wa Mbozi

Nikipanda mwezi wa tatu, vidukari wa kwanza nitawategemea lini?

#27 Mnyalu wa Ifunda

Anza kukagua wiki ya pili baada ya kuota, geuza majani uangalie chini. Mvua ikikata siku tano mfululizo, kagua kila asubuhi.

#28 Pampu Begani

Na mkimaliza kuhesabu, leteni majina ya aina humu humu. Mimi nitaweka dukani ile itakayoongezeka mara chache, hata kama itanipunguzia mauzo ya dawa.

#29 Mzee wa Lumbesa

Screenshot nimechukua ya #28. Huyu tutamkumbusha.